Orodha Iliishia 1990

Wacha nianze na makosa yangu mwenyewe, ju kuna wasee watayachimba kwa komenti hata nisipoyasema.

Miezi kadhaa iliyopita nililipwa kutengeneza video. Programu moja ya kusaidia akina mama kurudi kazini ilinitafuta. Sitaitaja jina, na tafadhali msinijazie inboksi mkiuliza. Walitaka dakika moja na nusu tu: natembea mtaani, nasalimia watu, halafu naangalia kamera nasema, "Mama, hujachelewa. Mlango uko wazi." Nikasema. Nilirudia kama mara tisa ju kila nikifungua mdomo boda inapita. Doo ikaingia kwa simu, elfu kumi na tano, nikalipa stima, nikanunua bando, nikasahau.

Sikujua mathe angeiona. Mathe huwa haangalii video zangu, anasema naongea mbio kama makanga. Lakini hii ilitumwa kwa grupu ya chama chao, na aliyeituma hata hakujua huyo msichana ni binti ya nani. Jioni nikifika nyumbani nampata amekaa mezani na bahasha ya kaki. Ndani kuna kitambulisho, cheti cha Form Four, na ile kadi ya kazi ya kiwandani, ya plastiki, picha yake akiwa amesuka nywele za miaka hiyo.

"Nijazie hiyo fomu," akaniambia. "Si ulisema mlango uko wazi?"

Tukajaza kwa simu yangu. Jina. Namba ya simu. Kaunti, Machakos. Tukafika mwaka wa kuzaliwa. Mnajua venye hizo fomu huwa, unabonyeza, orodha inafunguka, unasukuma. 2007, 2006, 2005. Tukasukuma. 1995. 1992. 1990. Ikakwama hapo. Nikadhani ni mtandao. Nikafunga, nikafungua tena. 1990.

Mathe ni wa 1982. Mwaka wa jaribio la mapinduzi, huwa anajitania nao kila akigombana na mtu. Akaangalia ile simu kwa muda, halafu akaniuliza, "Kwani sisi wa 82 tuliisha?"

Manze. Mimi mwenye mdomo wa kulipwa, sikuwa na jibu.

Sasa niwaeleze huyu mama ni nani, ndiyo mjue sidai hii kitu kwa kuhurumia mtu.

Mathe alianza kazi Athi River mwaka 2003, kwa viwanda vya nguo vya EPZ. Kama ulikuwa bado hujazaliwa: mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria inaitwa AGOA, iliyoruhusu nguo kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika kuingia soko lao bila ushuru, na viwanda vikachipuka haraka. Waliojaa kwa zile mashine wengi ni wanawake. Mathe alianza na kola. Akaenda mifuko ya jinzi. Akaishia kuwa supavaiza wa laini. Miaka kumi na tano. Mpe shati yoyote umeinunua Gikomba, aigeuze ndani nje, atakuambia aliyeishona alikuwa na haraka au la.

Na mimi wakati huo nilikuwa wapi? Alipoanza kazi nilikuwa na mwaka mmoja. Nilikuwa Murang'a, kwa shosho. Shosho alinilea hadi nikafika darasa la tatu. Alinilisha, akanifundisha kusoma saa, akanipeleka kliniki nikiwa na surua. Hakuna mtu aliwahi kuita hiyo mradi. Hakukuwa na bango, wala mfadhili, wala uzinduzi wenye mahema meupe na maji ya chupa. Lakini ukiniuliza ni programu gani ya ajira imewahi kumsaidia mathe kweli kweli, ni hiyo moja. Ilikuwa inaitwa Shosho, na ilikuwa bure.

Halafu 2018 kaka yangu mdogo akazaliwa, na shosho alikuwa ametuacha miaka miwili kabla.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kwa kazi yake au nyingine isiyo mbaya kuliko hiyo. Mathe alichukua likizo, akarudi. Alirudi wiki sita. Yule mama wa kushikia watoto kwa plot yetu alikuwa anafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mathe anatakiwa awe ndani ya geti kabla ya saa moja. Ukikosa matatu ya kwanza, umechelewa. Kukiwa na ovataimu anatoka saa mbili usiku, anapata mtoto amelala kwa kitenge sakafuni, watoto wengine wote walishachukuliwa, na yule mama amenuna, na ana haki ya kununa ju pia yeye ana familia. Juu ya hayo kadogo ketu kana pumu. Mara ya tatu mathe kupigiwa simu akiwa kwa laini, "kuja mtoto hapumui vizuri," akaenda, na hakurudi tena.

Hakufukuzwa. Nasema hivyo ju najua watu wanapenda stori yenye mbaya. Mabosi hawakumtesa. Siku ilikuwa na saa 24 na yeye alihitaji kama 31.

Mtauliza buda yuko wapi. Yuko. Anaendesha lori, Mombasa hadi Malaba na kurudi, kwa hiyo kwa mwezi tunamwona siku tano, sita. Akiwa nyumbani anapika ugali mzuri kushinda mathe, lakini hizo ni siku sita. Na si eti nyumba yetu ni ya ajabu. KNBS walifanya utafiti mwaka 2021 wa venye Wakenya wanatumia muda wao. Wanawake walikuwa wanatumia asilimia 18.7 ya siku kwa kazi za nyumbani na kulea, zile hazilipwi. Wanaume asilimia 3.6. Fanya hesabu kwa saa 24: yeye karibu saa nne na nusu, wewe kaka dakika kama hamsini na mbili. Hapo ndipo saa za mathe zilienda.

Sasa linganisha na mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa shida, lakini nikiwa mkweli pia kozi yenyewe sikuipenda, nilikuwa naenda darasani kuchapa usingizi. Yaani niliacha kitu kwa hiari yangu, nikiwa na miaka ishirini, bila mtoto mgongoni. Na tangu hapo programu zinanifuata kama watoto wa mtaa wakiona gari ya soda. Njoo ujifunze kazi za mtandaoni. Njoo upate mafunzo ya ufundi na posho ya nauli. Njoo uombe ruzuku. NYOTA, hiyo kila mtu anaijua ju ya ile elfu hamsini, ni ya miaka 18 hadi 29, na kama una ulemavu hadi 35. KYEOP iliyotangulia, pia 18 hadi 29. Katiba yenyewe, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu ametimiza 18 na hajafika 35. Nchi nzima imechora laini hapo.

Tusikosane. Mimi ni kijana, rafiki zangu ni vijana, na nusu yao wamekaa keja wakingoja kupigiwa simu. Sisemi tunyang'anywe. Ninachouliza ni hivi: ukiandika kwa bango "rudi kazini", unadhani nani anarudi? Kurudi maana yake ulienda. Msichana wa miaka 22 harudi, ndio anaanza. Mwanamke anayerudi amefanya kazi miaka kadhaa, akazaa, akalea, au akauguza mzazi, na sasa mtoto wa mwisho ameingia shule. Huyo ana 38. Ana 43. Ana 47. Programu ya kurudi kazini inayofungia watu wa 36 nje ni kama kinyozi anayekataa watu wenye nywele.

Kuna msee ataandika hapo chini, "Lakini wamama wako na Women Enterprise Fund." Ni kweli. Iko tangu 2007. Uwezo Fund iko tangu 2013, na wanawake wa umri wowote juu ya 18 wanaingia. Hustler Fund ilikuja Novemba 2022. Nimezisoma zote, na kuna kitu nikaona nikashindwa kuacha kukiona. Sisi vijana tunapewa mafunzo na ruzuku. Mathe anapewa mkopo. Mimi ninapewa pesa nijaribu, nikianguka nimeanguka. Yeye anapewa deni, adhaminiwe na wenzake wa chama, na akianguka anaangukia marafiki zake. Hata ile asilimia 30 ya zabuni za serikali waliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuipata lazima uwe na biashara imesajiliwa.

Yaani mwanamke akipita 35, serikali ikimwangalia inaona kibanda. Inaona mboga, chapati, kuku wa kienyeji. Hakuna mtu anamuuliza kama anataka kuuza chochote. Mathe hataki biashara! Amesema hivyo mbele yangu mara mia. Anachukia kukimbizana na madeni ya watu. Anataka kuamka, kwenda mahali kuna mashine, kufanya kitu anakijua kuliko karibu mtu yeyote ndani ya hilo jengo, na mwisho wa mwezi mshahara uingie na makato yake ya NSSF. Kutaka kuajiriwa si uvivu, na sijui ni nani alituambia ni uvivu. Nahisi ni sisi watu wa kontenti.

Wacha niwapee stori ya sabuni.

Kama mwaka na nusu uliopita kulikuwa na mafunzo ya akina mama kwa ukumbi wa kanisa moja huku kwetu, siku kumi, ya "kuwawezesha wanawake". Hayo hayakuwa na mwisho wa miaka. Mathe akajiandikisha. Siku ya kwanza, biashara ni nini. Siku ya pili, biashara ni nini tena. Siku ya tatu, sabuni ya maji. Wueh. Sijui ni nani aliamua kwamba mwanamke wa Kenya akikwama, dawa ni sabuni ya maji, lakini huyo mtu amefanya kazi yake vizuri ju kila mafunzo ni sabuni, na baada ya sabuni ni kushona mikeka au shanga. Huyu ni mama amesimamia laini ya watu zaidi ya thelathini, anajua kuhesabu vipande kwa saa, anajua kusikia mashine ikianza kuharibika kabla haijaharibika. Anafundishwa kukoroga ndoo na mwiko.

Siku ya tano pumu ya kadogo ikashika. Mathe akakosa siku nne. Kwa hiyo siku walizofundisha kuweka hesabu, hakuwa. Siku mwajiri mmoja alikuja kuongea nao, hakuwa. Mwisho wakampa cheti, lakini aliyekuwa anasoma majina akasema kwa maikrofoni, akitania, kwamba kuna wengine "hawakuonyesha bidii". Mathe alinisimulia akicheka. Cheti kiko kabatini chini ya nguo. Sabuni tulioshea vyombo hadi juzi, povu yake ilikuwa fiti, sitadanganya.

Hiyo mizigo miwili, miaka na mtoto, ndiyo programu nyingi hazigusi. Na ukinilazimisha nichague moja ya kutatuliwa kesho asubuhi, nachagua mtoto. Miaka unaweza kubadilisha kwa fomu, ni mtu mmoja ofisini afungue kompyuta aongeze namba. Mtoto huwezi kumbadilisha kwa fomu.

Na hii siisemi kutoka kichwani tu. Kuna utafiti ulifanywa Korogocho, hapa hapa Nairobi, na watafiti wa APHRC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada, na matokeo yakachapishwa 2019. Walikuwa na akina mama zaidi ya 1,200 wenye watoto wadogo. Baadhi, kwa kuchaguliwa kama bahati nasibu, wakapewa vocha ya kulipia mtoto kwa kituo cha kulea watoto. Hawakufundishwa chochote. Hakuna aliyekoroga sabuni. Baadaye walipoangalia, waliopewa vocha waliokuwa na kazi walizidi wale wengine kwa pointi 8.5 za asilimia. Yaani kwa kila mama 100, nane au tisa zaidi walikuwa wanafanya kazi, na kitu kilichobadilika ni kwamba mtoto alikuwa na mahali pa kukaa.

Kitu kilinishika zaidi ni single mathe. Kwao idadi ya waliokuwa na kazi haikupanda sana, na nadhani sababu inajulikana, mwanamke anayelea peke yake anafanya kazi hata mtoto akiwa mgongoni, asipofanya hawali. Lakini hao wenye vocha walihamia kazi zenye saa za kueleweka, wakafanya kazi saa chache zaidi, na pesa yao haikupungua. Soma hiyo mara mbili. Saa chache, pesa ileile. Ju huhitaji kuchukua kila kibarua kibaya cha usiku, unaweza kuchagua.

Sasa nionyeshe programu ya kurudisha mama kazini ambayo bajeti yake ina mstari wa "mtoto atakaa wapi". Kuna mstari wa fulana. Kuna mstari wa ukumbi. Kuna mstari wangu mimi, elfu kumi na tano, nikitabasamu. Piga hesabu pesa yangu peke yake ingemlipia kadogo kwa mama wa plot miezi mingapi.

Na usidhani mtoto akiingia shule shida imeisha. Kadogo ana miaka saba. Wadogo wanaachiliwa mapema mchana. Nani yuko nyumbani saa nane? Aprili, Agosti, Desemba, nani yuko nyumbani? Viwanda havifungi Agosti.

Waajiri nao wana lao. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea kazini. Uliza rafiki zako walioajiriwa wangapi wamewahi kukiona hicho chumba. Mimi niliuliza kwa stori zangu. Mmoja aliniambia kiko, lakini ndimo wanamoweka karatasi za printa.

Kuna njia nyingine, na si eti ni ndoto. Mwaka 2008 benki ya Goldman Sachs kule Marekani ilianzisha mpango wa watu waliokuwa wamekaa nje ya kazi miaka miwili au zaidi. Unaingia wiki kadhaa, unapewa kazi halisi, unalipwa ukiwa humo, mwishoni inajulikana kama unabaki. Najua, ni benki ya matajiri, na mathe hatafuti kazi Wall Street. Lakini angalia umbo lake. Mwajiri ndiye mwenye programu, kwa hiyo mwisho wa programu kuna mwajiri. Zetu mwisho wake kuna cheti na picha ya pamoja. Ungechukua kiwanda kimoja tu Athi River, ukiambie chukua wanawake ishirini waliowahi kukaa kwa hizi mashine, wape wiki nane za kurudisha mkono, walipe kwa hizo wiki nane, halafu programu igharamie watoto. Mkono wa fundi haupotei, unapata kutu tu. Wiki ya pili mathe angekuwa anakimbiza vijana.

Pesa ya kuanzia iko. Waajiri hulipa NITA ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Hiyo ni pesa ya kuwafundisha wafanyakazi. Mama aliyetoka kazini miaka saba bado ni mfanyakazi, ni vile tu hakuna mtu amemwita.

Na hapa kuna kitu muhimu kwako kama mathe wako, ama shangazi, ama wewe mwenyewe uko kwa hii hali. NITA hupima ufundi kwa gredi, na hawakuulizi uliusomea wapi. Pia 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi mtu aliupata kazini bila kwenda darasani, inasimamiwa na KNQA. Kwa mathe hii ni kubwa kuliko mafunzo yoyote, ju yeye hahitaji kufundishwa kushona. Anahitaji karatasi inayosema anajua. Na kama anataka kubadilisha, tuseme aache kushona aende kufundisha wengine kwa taasisi ya ufundi, hiyo karatasi ndiyo ngazi. Nimeshangaa venye watu wachache mtaani wanaijua hii, na mimi nikiwemo hadi mwezi uliopita, na kazi yangu ni kujua vitu.

Kuna mmoja aliniambia kwa simu, msichana wa rika langu, "Lakini mamako alichagua kukaa nyumbani." Sijui. Kama mlango una kufuli mbili na wewe una funguo moja, ukikaa nje umechagua? Nilimuuliza yeye akizaa mtoto atamwachia nani. Akasema mamake. Nikamuuliza, mamake ana miaka mingapi. Arobaini na nne. Anafanya kazi? Anatafuta. Tukanyamaza wote wawili.

Turudi kwa video. Niliwaandikia wale wenye programu, kwa heshima, nikauliza kwa nini miaka iishie 35. Wakanijibu kwa heshima pia, kwamba vigezo huwekwa na mfadhili. Nikauliza kama naweza kuitoa video. Mkataba unasema miezi sita. Sawa. Kwa hiyo nimeiacha, lakini juu kabisa ya komenti nimebandika yangu: "Mwisho ni miaka 35. Hakuna mahali pa mtoto. Nilipaswa kuuliza kabla ya kuwaambia mlango uko wazi. Pole." Wamenipigia mara mbili wakitaka niitoe. Sijaitoa. Nusu ya pili ya mpango wetu, ile ya video tatu zaidi, nadhani imeenda na maji. Iende. Ingawa, kama kuna mtu anatangaza unga ama viatu, niko, naongea mbio lakini naongea vizuri.

Mathe naye ameamua kwenda kujaribu getini. Bado huwa hivyo Athi River, kiwanda kikipata oda kubwa neno linazunguka, asubuhi wanawake wanajipanga nje, anatoka mtu anachagua. Ameambiwa na mwenzake wa zamani kwamba Jumatatu watachukua. Ameshapiga pasi ile blauzi yake ya bluu. Ameniuliza kama kadi ya kiwandani ya zamani aibebe ama atacheka nayo, nikamwambia abebe.

Ataondoka saa kumi na moja asubuhi. Kadogo anaamka saa kumi na mbili na nusu, uji, inhela, shule, halafu kumchukua mchana. Kwa hivyo video ya Jumatatu itachelewa. Itatoka Jumanne, kama mathe hatachukuliwa. Akichukuliwa, sijui itatoka lini.